Kabla Hujalilaumu Dume la Jirani: Mwongozo wa Kusoma Rangi za Kondoo

Mwanakondoo mweusi tititi akizaliwa katika zizi la kondoo wekundu watupu, wa kwanza kulaumiwa ni jirani. Dume lake lilivunja ua. Au mchungaji alilala chini ya mbuyu, makundi mawili yakachanganyika lamboni. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo wilayani Chamwino: wazee sita chini ya mti, na mwanakondoo mwenyewe katikati yetu akinyonya kidole cha mtoto. Hukumu ilikuwa inakaribia kutoka, jirani alipe kwa kushindwa kufunga dume lake. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama kondoo wekundu wawili hawawezi kuzaa mweusi wao wenyewe.

Wanaweza, tena bila ua kuguswa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, sawa, lakini methali haikusema atakuwa wa rangi gani.

Mwongozo huu ni wako unayefuga kondoo wa asili Dodoma, Singida au popote kwenye uwanda huu wa kati: wale wa mkia mnene waliozoeleka vijijini kwa Wagogo na Wanyaturu, wale wekundu wa Kimasai wanaoingia kutoka upande wa Kiteto, wale weupe wa kichwa cheusi ambao Kongwa imejulikana nao kwa miaka mingi, na machotara wa Dorper wanaozidi kuonekana minadani. Rangi ya mwanakondoo ni shahidi. Kama mashahidi wote, husema kweli anapoulizwa analolijua, na hupotosha anapoulizwa asilolijua. Ukijua cha kumuuliza, atakusaidia kumtambua baba, kupima dume na kugundua kwamba kundi lako limeanza kuzaana ndugu kwa ndugu.

Bomba, mkono na wino

Kwenye shina la kila unywele wa kondoo kuna chembe zinazotengeneza rangi. Chembe hizo zina aina mbili tu za wino, mweusi na mwekundu. Kahawia, kijivu, rangi ya mchanga, hata weupe wenyewe, vyote hupatikana kwa kupunguza wino, kuuchanganya au kuunyima njia.

Ifikirie kila chembe kuwa ina bomba la wino mweusi. Bomba likiwa wazi, unywele unatoka mweusi. Likifungwa, chembe inageukia wino mwekundu. Kinachofunga ni protini inayotengenezwa na kinasaba ambacho wataalamu wanakiita aguti. Hapa tuite mkono. Basi kuna bomba, na kuna mkono unaolifunga. Ukishika vitu hivi viwili, umeshika sehemu kubwa ya somo.

Kila kondoo ana nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Anapozaa hutoa nakala moja tu, kwa bahati nasibu, kama kurusha shilingi. Sasa tazama. Mkono mmoja mzima unatosha kufunga bomba. Kondoo aliyerithi mkono mzima kwa baba na mkono uliokatika kwa mama atakuwa mwekundu kama ndugu zake wote, na hakuna mnunuzi mnadani atakayeona tofauti. Weusi amebeba, lakini umejificha. Akikutana na mwenzake aliyebeba vilevile, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mikono iliyokatika kwa pande zote mbili. Bomba linabaki wazi, na mwanakondoo anatoka mweusi.

Moja katika nne haimaanishi kwamba ukipata wekundu watatu, wa nne lazima awe mweusi. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Jike anaweza kuzaa wekundu sita mfululizo na dume hilohilo, mweusi akaja mwaka wa saba, na hapo ndipo watu wanapoanza kumtafuta jirani.

Katika kondoo wengi weupe kabisa duniani mkono umezidi nguvu badala ya kukatika. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Australia, Belinda Norris na Vicki Whan, walionyesha kwamba kipande chenye kinasaba hicho, kama herufi 190,000 za vinasaba, kimejirudia, kwa hiyo mkono unafanya kazi bila kupumzika mwili mzima. Bomba jeusi halipati nafasi ya kufunguka, na wino mwekundu unaobaki ukipauka sana, kondoo anaonekana mweupe. Ndiyo maana baadhi ya wana wa kondoo weupe huzaliwa na wekundu hafifu shingoni au miguuni, kisha ukafifia. Wekundu na weupe wa namna hii ni ndugu kuliko macho yanavyotuambia, na wote wawili wanaweza kuficha weusi.

Katikati ya mkono uliokatika na mkono usiolala ipo mikono ya kazi ya nusu siku: inafunga mgongoni na kuacha tumbo, au inafunga tumboni na kuacha mgongo. Ukiona mwanakondoo mweusi mwenye michirizi myekundu juu ya macho na tumbo lililopauka, au mwekundu mwenye tumbo jeusi, unautazama mkono wa aina hiyo. Iceland, ambako kondoo wa kienyeji wana rangi za kila namna, Stefán Aðalsteinsson alizichambua familia hizi moja baada ya nyingine na kuchapisha kazi yake mwaka 1970. Alichogundua kinashika hata zizini kwako: penye mkono unaofunga na mkono usiofunga, unaofunga ndio unaoonekana, na mwingine hujificha nyuma yake.

Weusi wa aina ya pili

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea, na baadhi ya maafisa mifugo pia.

Bomba lenyewe linaweza kuharibika likawa halifungiki. Hata ukilipa mikono kumi, wino mweusi unamwagika tu. Kasoro hii ilielezwa mwaka 1999 katika kondoo wa Norway, na imeonekana baadaye katika kondoo wa nchi nyingine. Bomba moja bovu, lililotoka kwa mzazi mmoja, linatosha kumfanya kondoo awe mweusi. Weusi huu haujifichi. Unatawala.

Kwa hiyo kondoo wawili weusi wanaofanana kama chungu na mfuniko wanaweza kuwa na siri tofauti kabisa. Mmoja ni mweusi kwa kukosa mkono, mwingine kwa bomba bovu. Mkono na bomba viko kwenye kromosomu tofauti, ya 13 na ya 14 kati ya jozi 27 alizonazo kondoo, hivyo kila kimoja hurithiwa kivyake.

Utawatenganishaje? Kwanza uliza wazee wao. Weusi wa bomba bovu hauruki kizazi: kila aliye nao ana mzazi mmoja mweusi, isipokuwa mzazi huyo awe mweupe kiasi kwamba rangi yake haionekani. Weusi wa kukosa mkono huruka hata vizazi vitano. Pili, tazama uzao. Dume mweusi wa bomba bovu akipanda majike wekundu wasio na undugu naye, nusu ya wana, au wote, wanatoka weusi mwaka huohuo. Dume mweusi wa kukosa mkono akiwapanda majike hao, wana wanatoka wekundu karibu wote, na mwenye kundi anashangaa weusi umekwenda wapi. Haujaenda popote. Kila mmoja wa wana hao ameubeba. Tatu, ukiwakutanisha weusi wawili wakazaa mwekundu, mmoja wao angalau ni wa bomba bovu. Wasiokuwa na mkono kwa pande zote mbili hawana mahali pa kuutoa.

Mabomba yasiyofika

Kuna weupe mwingine ambao hauhusiani na wino kabisa. Mwanakondoo akiwa bado tumboni, chembe za rangi huanza safari pembeni mwa uti wa mgongo na kutembea kwenda kichwani, ubavuni, tumboni na miguuni. Sehemu zisizofikiwa, au zilizofikiwa chembe zikashindwa kuishi, zinabaki nyeupe. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kufundishwa jambo hili: mtandao wa mabomba umeishia mtaa wa tatu, wa nne wanasubiri. Ndiyo maana paji la uso, ncha ya mkia, kwato na tumbo ndiko madoa meupe huanzia mara nyingi. Ni mwisho wa njia.

Kondoo wa kichwa cheusi ndiye mfano mkubwa. Mtandao wake unaishia shingoni kwa mpaka uliokatwa kama kwa kisu. Jina lake la kizungu linamhusisha na Uajemi, lakini asili yake ni Usomali. Alifika Afrika Kusini karne ya 19, akaenea huko, na damu yake ndiyo iliyochanganywa na Dorset Horn miaka ya 1930 kuzaa Dorper. Sasa angalia jambo linaloeleza mengi: Afrika Kusini wanao pia wa kichwa chekundu, mwili mweupe uleule na mpaka uleule. Yaani swali la mabomba yameishia wapi na swali la wino gani unatoka ni maswali mawili, na kila moja lina vinasaba vyake. Unapomtazama kondoo wa mabaka, weupe uweke kando kwanza. Tazama sehemu zenye rangi, ujiulize ni mweusi au mwekundu, ndipo urudi kuuliza weupe umeenea kiasi gani.

Uzao wa kwanza wa kichwa cheusi na kondoo mwekundu wa rangi moja usiutarajie ufuate mpaka ule safi. Mara nyingi wanatoka na madoa yasiyo na utaratibu, mmoja na soksi nyeupe, mwingine na kiraka ubavuni. Vizazi vinavyofuata vinatawanyika zaidi. Ukitaka mpaka urudi, rudisha dume la kichwa cheusi kwa uzao huo mara mbili tatu, na uwe na subira. Mabaka ya kawaida ya kondoo wa kienyeji, kwa upande mwingine, mengi hujificha kama weusi wa kukosa mkono: wazazi wawili wa rangi moja tupu wanaweza kuzaa wa mabaka.

Wale wanaoijua Biblia watakumbuka Yakobo na Labani, na fito zilizobanduliwa maganda zikawekwa kwenye manyweo ili wanyama wazae wenye madoa. Bado wapo wanaoamini kwamba jike huzaa rangi ya kile alichokitazama wakati wa kupandwa. Mimi nazitazama familia. Labani aliwaondoa wote wenye madoa na wana-kondoo weusi, akadhani amemaliza. Waliobaki walikuwa wa rangi moja kwa nje tu.

Pua haidanganyi

Rangi isome siku ya kuzaliwa, mara tu mama atakapomaliza kumlamba, ukiwa kivulini. Usisubiri miezi mitatu. Jua letu linachoma ncha za manyoya, na mweusi wa Januari anaweza kuonekana wa kahawia ifikapo Juni. Ukimkuta mtu mzima wa rangi ya kutatanisha, pekua manyoya utazame shina, huko jua halijafika.

Kisha tazama pua, midomo, kwato na kingo za macho. Kondoo mwekundu anaweza kuwa na pua nyeusi na kwato nyeusi, kwa sababu mkono hauzibi kila kona. Lakini yupo kondoo wa kahawia wa kweli, ambaye wino wake mweusi wenyewe umeshindwa kuiva ukaishia rangi ya kahawa. Huyo hana weusi popote, pua ni ya kahawia, kwato ni za kahawia. Kasoro hii inatoka kwenye kinasaba cha tatu, kwenye kromosomu ya 2, na hujificha. Imechunguzwa sana kwa kondoo wa Soay, jamii ya kale inayoishi bila mchungaji katika visiwa vya St Kilda huko Uskoti, ambako watafiti wamekuwa wakimfuatilia kondoo mmojammoja tangu 1985. Kwao rangi nzito inatawala na hafifu inajificha, kwa nakala mbili za kinasaba hichohicho. Ukiandika "mwekundu" kwa kondoo ambaye ni wa kahawia, mahesabu yote ya mbele yataharibika, kwa hiyo pua kwanza.

Kaunta buku

Bila daftari, yote niliyosema ni hadithi. Nunua kaunta buku. Kila jike awe na ukurasa wake, juu andika namba ya hereni au alama ya sikio, rangi yake, pua yake, rangi ya mama yake kama unaijua. Chini, kila uzao mstari mmoja: tarehe, jinsia, rangi, madoa yako wapi, dume gani. Safu ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi.

Ili uijue kwa hakika, lazima udhibiti upandishaji. Dume moja kwa kundi moja kwa msimu. Wamasai wamekuwa wakifunga kipande cha ngozi tumboni mwa dume ili asipande nje ya wakati. Ni rahisi kuliko kujenga zizi la pili. Ukimfungulia Agosti, kondoo wanazaa Januari, kwa kuwa mimba ni siku kama 150, na mama anayenyonyesha anayakuta majani ya mvua. Mpake dume kifuani udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta ya kupikia. Jike aliyepandwa ataonekana kwa alama kiunoni, nawe unaandika tarehe. Asiposhika mimba atarudi kwenye joto baada ya siku kama 17. Na wahasi madume wadogo usiowataka kabla ya miezi minne. Dume wa miezi sita ambaye wewe unamwita mtoto anaweza kumpanda mama yake, na pacha wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba wawili.

Tarehe ya kuzaa, ukirudi nyuma siku 150, inamaliza kesi nyingi kabla rangi haijaulizwa. Kama siku hiyo makundi yalikuwa malisho tofauti, jirani hana kosa.

Sasa rangi inaweza kuthibitisha nini? Mweusi kwa wazazi wekundu: haithibitishi lolote dhidi ya jirani. Mwekundu kwa wazazi wawili ambao umehakikisha ni weusi wa kukosa mkono: hapo kuna dume jingine, usitafute maelezo zaidi. Mweusi kwa mama mwekundu ambaye wanawe wote na dume lako wamekuwa wekundu, huku dume la jirani likiwa jeusi la bomba bovu: ni tuhuma nzito, bado si ushahidi. Sisemi umpeleke mwanakondoo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Gharama ya kesi isizidi bei ya kondoo.

Kesi yetu ya Chamwino iliamuliwa na bibi mwenye mji, ambaye alikuwa akipepeta mtama pembeni na hakuna aliyemuuliza kitu. "Mnahangaika na ua," alisema. "Bibi yake huyu alikuwa mweusi. Nilimuuza mwaka wa njaa." Kikao kikanyamaza. Jike lililozaa lilikuwa binti wa yule mweusi, kwa hiyo lilibeba weusi bila shaka yoyote, maana mama asiye na mkono hana kingine cha kutoa. Na dume? Mzee mmoja akacheka peke yake. Dume la zizi hilo lilikuwa mtoto wa mweusi huyohuyo. Kaka na dada.

Jirani alikunywa uji akaenda zake. Lakini habari ya kikao ilikuwa kubwa kuliko jirani. Weusi ulioibuka ulikuwa umefichua kwamba kundi linazaana lenyewe kwa lenyewe. Dume aliyebeba weusi, akiwapanda binti zake waliozaliwa na mama wasioubeba, atapata mweusi mmoja katika wanane. Kwenye zizi ambalo halijapata kuona weusi, mweusi wa kwanza ni sababu ya kufungua kaunta buku na kuhesabu dume lina miaka mingapi humo ndani. Likizidi miwili, badilishana na mfugaji wa kijiji kingine. Vinasaba vinavyojificha si vya rangi tu. Vipo vya udhaifu, na hivyo havina rangi ya kukuonya.

Ipo pia rangi ambayo ni hatari yenyewe. Kondoo wa Karakul, waliopelekwa Namibia na Wajerumani mwaka 1907 kwa ajili ya ngozi za wanawe, wana kijivu kinachotawala. Kijivu kwa kijivu, robo ya wana hupata nakala mbili, na hao hufa wangali wadogo kwa sababu matumbo yao hayafanyi kazi sawasawa. Wafugaji wa huko wanajua: kijivu hupandishwa kwa mweusi. Sijawaona kondoo hao Dodoma. Nawataja kwa ajili ya anayefikiri rangi nzuri ikikutanishwa na rangi nzuri inazaa nzuri zaidi.

Kupima dume

Unataka kundi la wekundu tupu, au la weupe tupu, na umenunua dume asiyejulikana mama yake. Usiwauze majike wako weusi kabla hajawapanda. Umeweka mizani bila kujua. Jike mweusi wa kukosa mkono hatoi chochote cha kuficha, kwa hiyo mwanawe ataonyesha alichotoa baba. Dume akiwa amebeba, nusu ya wana watakuwa weusi. Wakizaliwa watano wote wekundu, nafasi kwamba amebeba na bado amekuponyoka ni moja katika 32. Wakifika saba, moja katika 128. Mweusi mmoja tu akitokea, jibu umelipata na huna haja ya kuendelea. Kama huna majike weusi, tumia waliowahi kuzaa weusi, ila utahitaji wana wengi zaidi, kama 12, ili uwe na uhakika wa kadiri hiyo ya kwanza.

Lakini kwa nini unataka kundi la rangi moja? Ninauliza kwa sababu zipo sababu nzuri. Kondoo wa rangi moja wanatambulika haraka wakichanganyika na wa wengine. Mnyama wa rangi ya mwanga hachukui joto la jua kama mweusi. Na soko lina siku zake. Mila za mvua za Wagogo zinataka mnyama mweusi, rangi ya wingu lenyewe, kwa hiyo anayeondoa weusi wote zizini ajue pia anaondoa nini. Kondoa na kwingineko wenye Waislamu wengi, karibu na Idi el-Haji wapo wanaotafuta kondoo mweupe aliyechanganyika na mweusi kwa kufuata sunna, na wangependa awe na pembe. Kichwa cheusi wetu kwa kawaida hana pembe, nao wanamchukua hivyohivyo.

Sababu mbaya ni kuamini kwamba rangi ni ubora. Kondoo mwekundu wa Kimasai ana sifa ya kuhimili minyoo ya tumbo inayonyonya damu, sifa iliyopimwa kwa miaka na watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, nchini Kenya. Kwenye unyevu wa pwani ya Kenya aliwashinda Dorper kwa mbali. Kwenye nyanda kavu tofauti ilipungua. Kwetu ukavu unatusaidia sehemu kubwa ya mwaka, kisha Januari hadi Aprili minyoo inakumbuka njia. Kenya ilisambaza madume ya Dorper kuanzia miaka ya 1970, wafugaji wakavutwa na ukubwa wa mwili, na leo kumpata mwekundu asiye na damu ya Dorper ni kazi. Sasa mfanyabiashara anakuletea chotara wa kizazi cha tatu, mwekundu wa kupendeza, anakwambia "huyu Masai kabisa." Wekundu unabebwa na kinasaba kimoja au viwili. Uhimili wa minyoo umetawanyika kwenye vinasaba vingi, sehemu nyingi za kromosomu. Kondoo anaweza kurithi koti la babu yake na asirithi hata robo ya tumbo lake.

Kwa hiyo ukienda mnada wa Msalato Jumamosi, rangi ya koti iangalie mwishoni. Kwanza meno, kisha korodani zote mbili, ziwe sawa na ngumu kiasi. Kisha vuta kope la chini taratibu utazame utando wa ndani. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, inaitwa FAMACHA, kutoka wekundu wa damu nzuri hadi weupe wa karatasi. Utando ukiwa umepauka, minyoo imeshamla, awe mwekundu wa Kimasai, awe wa kichwa cheusi. Uliza mama yake alikuwa rangi gani. Muuzaji akisita, basi hajui, na hilo nalo ni jibu. Ukimnunua, mpe majike wako wawili weusi kwanza, mpake udongo kifuani, andika tarehe.

Januari atakuambia amebeba nini.